Mgeni Ndani ya Hedifoni

Mimi si mtu wa kungoja. Chai huniunguza ulimi kila asubuhi. Gari likisimama Bungu watu wanunue korosho, mimi ndiye ninayeshuka, nazunguka, namuuliza dereva kama tunasafiri au tumehamia. Mke wangu husema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono. Nayasema haya mapema kwa sababu kisa chenyewe ni cha kuchelewa kwa nusu sekunde hivi, na aliyeshindwa kuivumilia nusu sekunde hiyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kinaingia nchini. Nguo za mitumba tulishazizoea, sasa zikawa zinakuja kompyuta za mitumba, nyingine bado zina vibandiko vya ofisi za watu huko Ulaya. Redio za watu binafsi zilikuwa zinaota Dar es Salaam kama uyoga, na kila redio inataka muziki. Mimi nilikuwa fundi redio hapa Kibiti, nina kibanda jirani na mashine ya kusaga, natumia jenereta moja na mwenye mashine. Nikaona nitakufa natengeneza redio za wengine ilhali ndani ya hizo redio sauti yangu haimo. Nikanunua kompyuta.

Nyuma ya kibanda nikatenga chumba. Ukutani nikagandisha trei za mayai, mlangoni nikatundika blanketi, nikawa na maiki moja na hedifoni moja. Programu ya kurekodia nilipewa kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, haina kitabu wala maelezo. Wateja wa kwanza walikuwa vijana wa Bongo Fleva, na wimbo wao wa kwanza ulitoka umejaa vishindo vidogo, tak, tak, tak, kama bisi sufuriani. Nikatoka mbio mpaka kibanda cha simu, nikampigia kijana wa mjini aliyeniuzia kompyuta.

"Fungua mipangilio ya sauti," akaniambia. "Kuna kisanduku kimeandikwa bafa. Kina namba. Weka ile kubwa kuliko zote."

"Bafa ndiyo nini?"

"Broo, we weka kubwa. Maelezo utaniuliza siku nyingine."

Nikaweka kubwa. Tak tak zikakoma. Siku nyingine haikufika, maana sikumuuliza tena. Kitu kimepona, cha kuulizia ni nini?

Vijana wale walirekodi wiki baada ya wiki na hakuna aliyelalamika. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Kila mmoja wao akivaa hedifoni alikuwa anaweka sikio moja ndani na jingine anaachia nje, kama alivyoona wasanii wa kwenye video wanafanya. Kwa hiyo sauti yake mwenyewe alikuwa anaisikia kwa sikio lake la kuzaliwa nalo. Majivuno yao ndiyo yaliyoniokoa, nami nikadhani nimekuwa fundi.

Sasa nimlete shangazi yangu, dada wa baba, mkaaji wa Salale, huko kwenye mikoko ambako ukitaka kwenda kwa jirani unaulizia kwanza maji yamejaa au yametoka. Alikuwa analima mpunga kama wanawake wote wa kule, lakini harusi ikitangazwa, iwe kule delta au huku barabarani, watu walikuwa hawaulizi nani ataimbisha. Alikuwa manju wa ngoma ya wanawake, ndiye anayetoa wimbo na wenzake wanaitikia, na mkononi anashika manyanga, yale makopo ya kuchezesha yenye mbegu ndani. Manyanga ya shangazi yalishikwa na mama mmoja kabla yake na mwingine kabla ya huyo.

Ngoma ile ina adabu zake. Sauti ya mwenzako huikati. Ukiikata wanawake wanakaa chini na shughuli imekufa, hata kama pilau liko jikoni. Na kama mgeni kutoka kijiji kingine anaujua wimbo, akaudandia katikati, manju humpisha. Hamuulizi jina wala ametokea wapi, hayo ni ya baadaye. Humwambia kwa sauti ya chini, "Pita, mwenzangu." Mgeni naye huitikia, "Nimepita," ndipo huimba ubeti wake na kurudisha. Nimeyasikia hayo tangu nabebwa mgongoni, na ndiyo maana sina udhuru.

Mtangazaji mmoja wa redio mpya aliniambia anataka nyimbo za pwani, za kweli, kabla ya mwisho wa mwezi. Mdogo wangu wa kike naye alikuwa anaolewa Bungu siku nane mbele, na shangazi alikuwa anakuja kuimbisha. Nikaona nimepata ndege wawili kwa jiwe moja. Nikampelekea salamu awahi kuja, apitie kwangu kwanza.

Alikuja na waitikiaji wake wawili, mama mmoja wa makamo na mwingine mdogo kidogo. Wamevaa khanga mpya kwa ajili ya kurekodi, kana kwamba maiki ina macho. Shangazi alikishika kichwa cha kompyuta kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Akasema, "Kina moto hiki. Hakichoki?"

Nikawapanga haraka haraka. Ngoma nilishairekodi jana yake kwa mpigaji wa jirani, kwa hiyo yeye aimbe juu yake, waitikiaji wakae kwenye benchi kimya, zamu yao itafuata. Manyanga nikamwambia ayaweke chini, yatafunika sauti. Aliyatazama kidogo, akayaweka juu ya mapaja ya yule mama mdogo. Nikamvika hedifoni juu ya mtandio, masikio yote mawili, nikazibana vizuri. Nikafungua sauti hadi juu. Shangazi alikuwa mtu mtiifu kwa mambo ya watu wengine. Ukimwambia usitikisike, hatikisiki.

Akaanza. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule niujuao, ile sauti yenye mkwaruzo kidogo chini, inayokufanya ugeuke hata kama unafunga kamba ya kiatu. Mstari wa pili akachelewa. Wa tatu akaburuta, anatoa neno, anasita, anatoa neno. Ngoma ikamwacha. Nikasimamisha.

"Shangazi, fuata ngoma."

"Naifuata, mwanangu."

Tukaanza tena. Ikawa vile vile, na mara nyingine mbaya zaidi. Kati ya mistari alikuwa anainamisha kichwa, midomo inacheza, halafu anakaa kimya kama aliyesahau. Mimi nilishaanza kutikisa goti. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amenipa mpaka saa nane, na saa nane ile niliiona inakuja mbio. Mara ya tano nikapiga meza.

"Unangoja nini, shangazi? Ngoma haikungoji!"

Akanitazama. Alitaka kusema kitu, nina hakika, kwa sababu alifungua mdomo na akatazama nyuma yangu, pale kwenye blanketi la mlangoni, kama mtu anayetafuta nani yuko upande wa pili. Sikumpa nafasi. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa natembea, nasimama.

"Mwendo umekuisha. Si kosa lako, ni umri tu."

Waitikiaji wawili walitazama sakafu. Shangazi alivua hedifoni pole pole, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Labda, mwanangu." Kisha akachukua manyanga yake, wakatoka. Jenereta likahamia kwenye mahindi, nami nikakasirika mchana kutwa kwa kupotezewa muda.

Siku ya harusi Bungu nilikuwa mguu huku mguu kule, mara spika, mara waya, mara maji ya wageni. Shangazi aliimbisha wimbo mmoja, ule wa kumtoa bwana harusi nje. Mwendo ulikuwa umenyooka kama uzi. Mtu yeyote mwenye masikio angejiuliza swali. Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye waya. Wimbo ulipoisha akasimama katikati ya duara, akayashika manyanga kwa mikono miwili, akamkabidhi yule mwitikiaji mdogo. Vigelegele vikapigwa, lakini vya kushtukiza, vingine vimeanza na kukatikia njiani. Anayepokea hasemi ahsante, hutikisa mara moja tu, na akishatikisa basi. Manyanga yakitoka mkononi hayarudi mpaka aliyeyapokea ayatoe kwa mwingine. Yule mama mdogo alilia, kisha akatikisa.

Nilimwambia mke wangu, "Kafanya busara." Nilisema hivyo, nikaenda kuangalia mafuta ya jenereta.

Baada ya harusi mtangazaji akanisukuma. Nikaona niokoe kinachookoleka. Nitachukua ile rekodi yake, nikate zile sehemu alizosita, niunganishe, iende. Asubuhi moja nikakaa, nikaizima ngoma, nikaacha sauti ya shangazi peke yake, nikavaa hedifoni na kufungua sauti hadi mwisho ili nione pa kukata.

Baada ya mstari wa pili, pale aliposita, kulikuwa na mnong'ono. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.

"Pita, mwenzangu."

Halafu kimya. Halafu tena, baada ya mstari mwingine, "Pita, mwenzangu." Kimya. Akaimba, akasita. "Pita, mwenzangu." Alikuwa anasema na nani? Waitikiaji walikuwa benchini, nimewaziba midomo mwenyewe. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Nilizunguka chumba kile chenye hatua nne mara sijui ngapi. Kisha nikafanya kitu ambacho fundi yeyote angefanya siku ya kwanza. Nikasimama mahali pake mbele ya maiki, nikavaa hedifoni masikio yote mawili, nikafungua sauti kama nilivyomfungulia yeye, nikaimba mstari wake.

Nilipofika neno la tatu, mtu akaanza kuimba nyuma yangu. Neno la kwanza langu ndilo alilokuwa analitoa yeye. Nikapunguza mwendo ili tukutane, naye akapunguza. Nikasita, akamalizia peke yake. Ulimi wangu ukawa mzito mdomoni. Nilivua zile hedifoni, nikaketi chini sakafuni.

Ndipo nikaenda kwenye kile kisanduku cha bafa na kuanza kujifunza, siku nyingi baadaye, kile ambacho sikutaka kuuliza. Kompyuta haipitishi sauti kama bomba linavyopitisha maji. Inaikusanya kwanza, inaishika, kisha ndiyo inaipeleka. Fikiria watu wanapakia mpunga mtumbwini. Aliye shambani akingoja kijae kikapu kikubwa ndipo akitoe, njiani hakuna kinachomwagika, lakini aliye mtumbwini kikapu cha kwanza kitamkuta amekwisha kukaa chini. Akitoa kwa kibaba kidogo kidogo, mpunga unafika mara moja, ila mbebaji anakwenda mbio huku na huku mpaka anajikwaa, na akijikwaa unamwagika. Zile tak tak za vijana zilikuwa mpunga kumwagika. Nami nilikuwa nimeweka kikapu kikubwa kuliko vyote, nikakiacha hapo. Sauti ya shangazi ilikuwa inaingia kwenye maiki, inashikwa, halafu inamrudia masikioni imechelewa. Na shangazi hakuwa amewahi kuisikia sauti yake kutoka nje hata siku moja. Alisikia mwanamke mgeni anadandia wimbo wake. Akafanya alivyofundishwa. Akampisha.

Dawa yake ilikuwa ndogo ya kutia aibu. Namba ya kati badala ya ile ya mwisho, au kumwachia sikio moja nje. Sikio moja tu. Niliona haya peke yangu chumbani, jasho likanitoka na feni linazunguka.

Nikatengeneza kaseti. Upande mmoja nikaweka sauti yake yenyewe. Upande wa pili nikaweka sauti ile ile, na juu yake nakala yake niliyoisogeza nyuma kidogo, kama alivyosikia siku ile. Nikachukua redio kaseti yangu ndogo, betri mpya, nikateremka Nyamisati kupanda boti la Salale. Maji yalikuwa yametoka, boti limekaa kwenye tope, na nahodha amelala ndani yake na kofia usoni. Nilimuuliza tutaondoka lini, akanijibu bila kuiondoa kofia, "Bahari ikirudi." Nilitembea ufukweni mpaka viatu vikajaa tope. Kila hotuba niliyoipanga ya kuomba radhi ilikuwa inaisha mapema mno.

Nilimkuta uani, anapepeta mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Salama? Mbona mbio mbio, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kuomba radhi."

Akaendelea kupepeta. Nikamweleza yote, bafa, kikapu, mpunga, nusu sekunde, naruka kutoka hapa hadi pale mpaka mwenyewe nikajichanganya. Nikaona ananisikiliza kwa adabu tu, kama alivyoisikiliza kompyuta. Basi nikaacha maneno, nikaweka upande wa pili wa kaseti, nikabonyeza.

Ungo ukasimama. Alisikiliza mistari mitatu.

"Ndiye huyo," akasema. "Huyo huyo uliyenifichia nyuma ya blanketi."

"Hapakuwa na mtu nyuma ya blanketi. Ni wewe, shangazi. Wote wawili ni wewe."

Kuku alikuja akadonoa kwenye ungo, hakumfukuza.

"Mie nilidhani umeniletea wa kunipokea," akasema. "Nikasema moyoni, mtoto kaona vibaya kuniambia, kaniletea mtu niimbe naye, nimsikie mwenyewe, nielewe. Na anaimba vizuri, nikakiri. Ila nikasema, huyu hana malezi. Nampisha, hajibu. Nampisha, hajibu. Halafu weye ukaniambia mwendo umeniisha. Basi nikajua."

"Ilikuwa kompyuta imechelewa, shangazi."

"Hukusema kompyuta imechelewa. Ulisema mie."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, ningepata pa kujitetea. Nikamwambia nimeshaitengeneza, aje Kibiti nimrekodi upya, aje na manyanga yake, atikise atakavyo, sikio moja nitamwachia nje.

"Manyanga yapi?" akauliza. "Yana mwenyewe. Nikija kutoa wimbo kwenye redio, yule mtoto wa watu atauweka wapi uso? Humpi mtu chakula halafu ukamfuata na kijiko."

"Tukimwambia yeye? Tukimweleza ilikuwa makosa yangu?"

"Atanirudishia, maana ana adabu. Ndiyo maana hutamwambia."

Nikashika kichwa. Nilitaka nifanye kitu, nibebe, nitengeneze, nikimbie mahali, na hapakuwa na cha kutengeneza. Akanitazama akanihurumia, nadhani, maana akaweka ungo chini na kuniambia nikae.

"Hebu weka ile nyingine. Ile niliyo peke yangu."

Nikageuza kaseti. Tukasikiliza yeye akiwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mimi kwenye mkeka. Kila mstari ulipoisha na ukimya ule ukaja, mkono wangu ulikuwa unataka kubonyeza upite, nikaukalia. "Pita, mwenzangu," ikasema redio, na shangazi akatikisa kichwa kidogo, kama unavyomtikisia kichwa mtu unayemfahamu kwa mbali. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Sauti yake ilikuwa nzuri mno, hata kwenye spika yangu ile ndogo, na mimi ndiye niliyeiambia imeisha.

Ulipofika ubeti wa mwisho redio ikasema tena, taratibu, "Pita, mwenzangu," kisha ikakaa kimya, ule ukimya mrefu kuliko yote, nilioukatiza siku ile kwa kupiga meza.

Shangazi akaunyoosha mtandio wake.

"Nimepita," akajibu.

Meza ikasikika imepigwa, na sauti yangu ikiuliza anangoja nini.